DMA, flopi na mizani ya chai

Kompyuta zinazopita mezani kwangu ni zile ambazo muuza simu wa Mwanjelwa, Mbeya, akiziona anauliza kama zinatoka makumbusho. 386, 486, Pentium za mwanzo mwanzo, zenye sloti ndefu nyeusi za ISA, za kuchomekea kadi, na feni zilizojaa vumbi la barabara ya Mafinga. Zinatoka kwenye mizani ya viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi, kwenye matanuri ya kukaushia mbao, na kwenye ofisi za uhasibu ambazo bado zina vitabu vya miaka ya tisini ndani ya flopi. Wengi hudhani wenye nazo ni wabahili. Sivyo. Kadi inayosoma uzito ni ya ISA, programu yake ni ya DOS, mfumo endeshi wa zamani, aliyeiandika hajulikani aliko, na ukibadilisha kompyuta unabadilisha mizani nzima, pamoja na kumwita mkaguzi wa vipimo aipige muhuri upya. Kumwita fundi ni rahisi zaidi.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni ya kawaida: kapasita zilizovimba, betri ya saa iliyovujia bodi, panya waliotafuna waya. Inayoninyima usingizi ni draiva za diski, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na diski, na ndani ya draiva hizo, DMA (direct memory access).

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, jambo lenyewe liko hivi. Bila DMA, prosesa inachota data baiti kwa baiti kutoka kwenye kidhibiti cha diski na kuipeleka kwenye kumbukumbu. Ukiwa na DMA, prosesa inataja anwani ya bafa, yaani eneo la kumbukumbu la kupokelea au kutolea data, inataja idadi ya baiti, kisha inaendelea na shughuli zake. Data inaingia au kutoka kwenye kumbukumbu bila kupita mikononi mwa prosesa, na kazi ikiisha inakuja intarapti, ishara ya kuikatiza prosesa. Vijana wa chuo wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo nawaambia bafa ya DMA ni shamba la viazi ulilolikodisha: mpaka mpangaji avune, wewe mwenye shamba huingii na jembe, na mipaka mliyooneshana siku ya kwanza ndiyo itakayotumika hata kama ulimwonesha vibaya. Kidhibiti hakirudi kuuliza. Ukikipa anwani isiyo sahihi kitaandika hapo hapo, kisha kitakuletea taarifa kwamba kazi imekwenda salama.

Hilo la taarifa ya salama ndilo lililonifundisha zaidi kwenye kiwanda kimoja cha chai huko Rungwe.

Kompyuta ya mizani pale ilikuwa 486 yenye DOS. Kila jioni programu iliandika uzito wa majani mabichi ya siku hiyo kwenye flopi ya megabaiti 1.44, na flopi ikapelekwa ofisi kuu. Aliyeitunga programu hiyo hakutumia mfumo wa faili wa DOS. Aliongea na kidhibiti cha flopi moja kwa moja na kuandika sekta kwa mpangilio wake mwenyewe, nadhani ili mtu asije akaifungua flopi njiani na kuongeza kilo. Mpango huo ulidumu miaka mingi. Kisha kiwanda kikafungiwa kadi ya mtandao, na tangu siku hiyo flopi zikawa zinafika ofisini zikiwa nusu sahihi nusu takataka.

“Fundi, hii mashine tukiigusa tu inabadilika tabia,” karani wa mizani aliniambia, mama mmoja mpole ambaye alikuwa ameanza kuandika uzito wote upya kwenye daftari, kwa tahadhari. Meneja alishaamua kuwa ni virusi. Kijana aliyefunga mtandao alishalaumiwa, na kwa kweli alikuwa ameifunga kadi yake vizuri kabisa.

Niliifungua flopi moja kwa programu ya kuonesha baiti. Sekta ya kwanza ilikuwa safi: namba za magari, uzito, saa. Sekta ya pili ilitakiwa kuendelea na magari yaliyofuata. Badala yake nikakuta ujumbe wa menyu ya programu yenyewe, ile sentensi ya kumwomba karani abonyeze kitufe ili kuendelea, na chini yake maandishi mengine ya skrini. Programu ilikuwa imejiandika yenyewe kwenye flopi. Virusi havina ucheshi wa namna hiyo.

Nikaitafuta bafa ilipo kwenye kumbukumbu. Ilikuwa ya baiti 1024, na anwani yake halisi ilianzia 2FE00 kwa hesabu ya kumi na sita. Mtu aliyewahi kuumizwa na DMA ya ISA akiiona namba hiyo anacheka. Baiti 512 za kwanza zinakaa kuanzia 2FE00 hadi 2FFFF. Inayofuata ilipaswa kutoka 30000. Chipu ya DMA ikaitoa 20000.

Sababu ni ya kihistoria. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 ilitumia chipu ya Intel 8237, ambayo inahesabu anwani kwa biti 16 tu, yaani kilobaiti 64. Prosesa ya 8088 ilikuwa na biti 20. IBM wakaziba pengo kwa kuweka rejista ya pembeni, rejista ya ukurasa, inayoshika biti nne za juu. Kwenye AT ya mwaka 1984 zikawa nane, anwani ikafika biti 24. Lakini rejista hiyo imesimama tu. 8237 ikifika FFFF inarudi 0000, na hakuna anayeiambia rejista ya ukurasa iongeze moja. Kwa hiyo uhamisho unaovuka mpaka wa kilobaiti 64 unarudi mwanzo wa ukurasa ule ule, kimya kimya. Ukiwa unaandika flopi unapata takataka kwenye flopi. Ukiwa unasoma ni balaa zaidi, kwa sababu data ya flopi inafunika chochote kilichokuwa mwanzoni mwa ukurasa, na mara nyingi hicho ni msimbo wa programu inayoendelea kufanya kazi.

BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye bodi, inalijua jambo hili. Ukipitia INT 13h, huduma yake ya diski, kwa bafa inayovuka mpaka unarudishiwa kosa namba 09 na mambo yanaishia hapo. Programu yetu haikupitia BIOS. Na kabla ya mtandao, bafa yake ilikuwa inaangukia mahali salama kwa bahati tu. Draiva ya kadi ya mtandao ilipokaa kwenye kumbukumbu ilisukuma programu juu kwa kilobaiti chache, na bafa ikaupanda mpaka, nusu huku nusu kule. Hiyo ndiyo dhambi yote ya yule kijana.

Dawa ya haraka ni kupanga upya CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, ili programu isogee tena. Mafundi wengi wanaishia hapo na wanalipwa. Mimi siipendi, kwani atakayekuja kuongeza draiva ya mausi ataliamsha tatizo lile lile na hatakuwa na pa kuanzia. Dawa inayodumu ni kuomba kumbukumbu mara mbili ya unayohitaji. Ukitaka baiti 1024, omba 2048. Kama nusu ya kwanza inavuka mpaka, nusu ya pili haiwezi kuvuka; unachagua iliyo salama na kuendelea. Msimbo wa asili haukuwepo, hivyo nilichimba ndani ya faili la programu nikapachika hesabu hiyo kwenye nafasi iliyokuwa imeachwa wazi. Yule mama alipoona flopi ya kwanza imefika ofisini ikiwa nzima alinipigia simu kunishukuru kwa Kinyakyusa: “Ndaga fijo, mwanangu.” Ila daftari hakuliacha, na sikumshauri aliache.

Nikiwa ndani ya msimbo ule niliona mengine ambayo nayakuta kwenye draiva nyingi za zamani. La kwanza ni idadi. 8237 inataka idadi ya baiti kasoro moja: kwa 512 unaandika 511. Ukiandika 512, chipu inabaki inasubiri baiti ambayo haitakuja. La pili ni gumu kidogo kuliona. Anwani na idadi zinaingizwa kwa baiti mbili kupitia poti moja, ya chini kwanza kisha ya juu, na ndani ya chipu kuna swichi ndogo inayokumbuka zamu ni ya nani. Kabla ya kuanza unaandika chochote kwenye poti 0C ili swichi irudi mwanzo. Sasa, swichi hiyo ni moja kwa chaneli zote nne, yaani njia zote nne za uhamisho za chipu. Ikitokea intarapti ya kadi ya sauti katikati ya baiti zako mbili, nayo ikaprogramu chaneli 1, ukirudi zamu imeshageuka na baiti ya juu imekaa chini. Ndiyo maana mstari huo wote unafungiwa intarapti: funga chaneli 2, ambayo ni ya flopi, kwa kuandika 06 kwenye poti 0A, safisha swichi, andika hali ya kazi kwenye 0B (46 kwa kusoma flopi, 4A kwa kuandika), anwani kwenye 04, ukurasa kwenye 81, idadi kwenye 05, halafu ifungue chaneli kwa kuandika 02 kwenye 0A. Ni mistari michache sana. Nimeona watu wakiifunika kwa tabaka tano za msimbo wa kisasa mpaka hakuna anayejua tena intarapti zimefungwa wapi.

Mafinga shida ilikuja kwa sura nyingine. Kwenye kiwanda cha mbao kulikuwa na kompyuta ya kurekodi joto la tanuri, yenye diski ya SCSI (aina ya muunganisho wa diski) kwenye kadi ya Adaptec AHA-1542. Kadi hii haitumii 8237 kuhamisha data. Inaomba njia ya data kupitia chaneli ya DMA iliyowekwa kwenye hali ya kupitisha tu, ikikubaliwa inashika usukani na kutaja anwani yenyewe. Inakwenda kasi kuliko DMA ya kawaida, na haina habari na mpaka wa kilobaiti 64. Fundi mmoja alikuwa ameiongezea mashine RAM na kuwasha EMM386, programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu, ili programu ipate nafasi zaidi. Flopi zikaendelea vizuri. Diski ya SCSI ikaanza kuharibu data.

Tofauti hiyo ya flopi kuwa nzima na SCSI kuwa mbovu inakuonesha moja kwa moja pa kuangalia. EMM386 inaiweka DOS ndani ya hali ambayo anwani inayoiona programu si lazima iwe anwani halisi ya RAM. Programu inadhani bafa iko D0000, kumbe kurasa zake ziko juu kabisa ya megabaiti moja. Kwa 8237, EMM386 inakaa mlangoni: inazinasa poti zake, inatafsiri anwani, ikilazimu inatumia bafa yake yenyewe ya katikati. Kwa kadi inayotaja anwani yenyewe haina la kufanya, maana anwani imefichwa ndani ya kumbukumbu, kwenye amri ambayo kadi inaisoma peke yake. Microsoft waliweka huduma ya kutatua hili, VDS (Virtual DMA Services), kupitia INT 4B: draiva inaomba eneo lifungwe na inapewa anwani halisi, au inaomba bafa iliyo salama. Draiva ya pale haikuwa na habari na VDS. Tuliweka ya toleo jipya zaidi inayoijua, na kwa kipindi cha kungoja nikawasha bafa mbili ya SMARTDRV, inayopitisha data kwanza kwenye bafa iliyo salama, kwa mstari wa /DOUBLE_BUFFER kwenye CONFIG.SYS. Inapunguza kasi. Joto la tanuri la mbao halihitaji kasi.

Kadi hiyo hiyo ina kikomo kingine: anwani zake ni za biti 24, haioni zaidi ya megabaiti 16. Kwa DOS haisumbui sana kwa kuwa bafa nyingi ziko chini ya megabaiti moja. Ukiweka mifumo endeshi kama Linux au NetBSD kwenye mashine ya megabaiti 32 ndipo inauma, na ndiyo sababu Linux ya PC imetenga megabaiti 16 za chini kwa ajili ya DMA. Bafa ikiwa juu ya hapo, data inapitia kwanza bafa ya chini kisha inanakiliwa. Na ukiona flopi inatoa kosa la kuchelewa wakati diski ya SCSI inafanya kazi kubwa, usikimbilie kubadilisha flopi. Flopi ya 1.44 inaleta baiti kila mikrosekunde 16, na vidhibiti vya zamani havina pa kuihifadhi. Kadi ya SCSI ikishikilia njia ya data kwa muda mrefu, baiti inapotea. Muda huo unarekebishwa kwenye kadi.

Kesi niliyoifurahia kuliko zote ilikuwa Iringa, kwenye ofisi ndogo ya uhasibu mitaa ya Miyomboni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Fundi, mimi nikinakili faili mara mbili napata faili mbili tofauti. Miaka yote ya uhasibu sijaona hesabu inayokataa kujirudia.”

Alikuwa sahihi. Faili moja la flopi likinakiliwa mara kadhaa lilitofautiana kwa baiti chache, kila mara mahali pengine. Niliangalia kwanza pini 34 ya waya wa flopi, inayoiambia kompyuta kwamba flopi imebadilishwa, kwa sababu ikifa unaona orodha ya flopi ya zamani. Ilikuwa nzima. Tukaweka kisomeo kingine cha flopi, hali ikabaki ile ile. Kisha nikaifunua prosesa. Bodi ilikuwa ya 386, lakini kwenye soketi alikuwa amekaa Cyrix 486DLC.

486DLC ilitoka mwaka 1992 kwa ajili ya watu waliotaka nguvu za 486 kwenye bodi ya 386. Ina kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka, ya kilobaiti moja ndani yake, kitu ambacho 386 ya Intel haikuwa nacho. Bodi ya 486 halisi, DMA ikiandika kwenye RAM, inaipelekea prosesa anwani ili ifute nakala yake ya zamani kwenye kashe. Bodi ya 386 haijui hata kama kuna kashe. Kwa hiyo flopi inaandika data mpya kwenye RAM, prosesa inasoma nakala ya zamani iliyobaki ndani yake. Kwa kuwa kashe ni ndogo sana, si sekta nzima inayokuwa ya zamani, ni vipande vidogo tu. Ingekuwa sekta nzima mzee angegundua mapema.

Niliandika kijiprogramu: soma sekta A kwenye bafa, ihakiki, soma sekta B kwenye bafa ile ile, ihakiki. Ndani ya B zikatokea baiti za A. Nikazima kashe, zikapotea. Suluhisho lililobaki pale ni mpangilio wa Cyrix unaoifanya prosesa imwage kashe yake yote kila inapoombwa kuachia njia ya data. Unaipunguza kasi, na kwa mashine yenye kadi ya SCSI ya aina ya Mafinga ungeipunguza zaidi, ila kwa mhasibu mwenye flopi haionekani.

Kwenye PC nyingi tunabebwa na bodi na hatuoni jambo hili. Kwenye mashine nyingi za 68040, prosesa ya Motorola, na nyingi za vituo vya kazi vya zamani, draiva ndiyo inayobeba mzigo: kabla ya kuandika diski unasukuma kashe kwenda RAM, baada ya kusoma unaifuta kashe ya eneo lile. Ndiyo maana naupenda mpango wa NetBSD uitwao bus_dma, kazi ya Jason Thorpe. Unaitaja mipaka ya kifaa chako mapema, pamoja na ule mpaka usiovukwa, halafu kila uhamisho unautangulizia na kuumalizia kwa bus_dmamap_sync, ukisema kama ni kabla au baada, kusoma au kuandika. Mwanzoni inakera kwa urefu. Lakini ukisoma draiva ya mtu mwingine unajua kwenye kila mstari bafa iko mikononi mwa nani. Kwenye draiva za DOS unalazimika kukisia.

Siku hizi sianzi kuamini draiva ya DMA kabla ya kuifanyia mambo kadhaa. Najaza kila sekta ya flopi ya majaribio kwa namba yake yenyewe, ili sekta ikikosea njia niijue ilikotoka. Najaza bafa alama isiyoweza kutoka kwenye diski kabla ya kusoma, pamoja na ukanda wa alama hizo mbele na nyuma ya bafa, na baada ya kusoma naukagua ukanda. Nasoma tena rejista ya idadi ya chaneli 2: ikiwa FFFF, baiti zote zimepita, ikiwa namba nyingine, uhamisho ulikatika hata kama kidhibiti kinasema salama. Na naisogeza bafa kwa makusudi, baiti 512 kwa baiti 512, mpaka ivuke mpaka wa kilobaiti 64. Draiva nzuri haitikisiki. Kukatika kwa umeme kunanisaidia bila kupenda: mashine iliyozimika katikati ya kuandika inaonesha mengi kuhusu mpangilio wa draiva.

Na mara nyingine nashauri DMA iachwe. IBM wenyewe, kwenye AT ya 1984, waliiondoa diski kuu kwenye DMA na kuirudisha kwa prosesa, kwa sababu amri za 286 za kuchota maneno mfululizo zilikuwa na kasi kuliko 8237. Mashine inayofanya kazi moja tu, ya kupima gari la chai kila baada ya dakika kadhaa, haina kazi nyingine ya kuifanya wakati diski inasoma. Vijana hawapendi kusikia hivyo.

Kwa sasa kazi nyingi zinazokuja ni za kubadilisha diski kuu zilizochoka kwa kadi za CompactFlash kupitia adapta. Kadi inajitangaza kuwa inaweza DMA, Linux ya zamani inaiamini, halafu mashine inaganda dakika nzima inapowaka, inalalamika kwamba DMA imechelewa, inajaribu tena. Kabla ya kulaumu draiva igeuze adapta na uangalie pini 21 na 29 kwa kipimo. Adapta nyingi za bei nafuu hazijaunganisha nyaya hizo mbili, ambazo ndizo za kuombea na kukubali DMA. Ninazo kadhaa za hivyo kwenye droo. Nimechomelea nyaya kwenye baadhi, nyingine naziwekea hdparm -d0, amri ya Linux ya kuzima DMA, na kuzirudisha kwa wenyewe.